Yai limekwama
Kuku kashusha mkia, anajikamua tangu asubuhi na yai halitoki: hapo limekwama, dada. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yafike tumboni, dakika 15 hadi 20, kisha mkaushe vizuri (upepo wa Dodoma jioni hauna huruma). Paka mafuta ya alizeti kwenye tundu lake la nyuma kwa kidole kisafi, muweke kwenye boksi lenye giza na joto. Usimminye tumbo! Yai likipasukia ndani, maganda humchana na usaha hufuata. Pumba na mashudu pekee havina kalsiamu ya kutosha, na upungufu wake huweza kukwamisha yai. Mwekee chokaa ya mifugo kwenye chombo cha pembeni, ajilie mwenyewe. Asipotaga hadi kesho asubuhi, daktari wa mifugo.