Mshahara Umekwama, Tagi Iko Nangani: Kwa Baharia Mgeni

Kwenye tagi, boti ya kuvuta na kusukuma vyombo vingine, habari kwamba kampuni inayumba haiji kwa barua. Inakuja kwenye tangi. Chombo kilichozoea kujaziwa dizeli lita 40,000 kwa mkupuo kinaanza kuletewa 3,000, za kumalizia kazi ya wiki. Ujue muuzaji ameacha kukopesha. Mengine yanafuata: mshahara unachelewa na unatoka kwenye akaunti ya kampuni usiyoijua, wakala hapokei simu, mtu wa kukupokea zamu kila wiki "bado anasubiri viza", na hatimaye mnaamriwa mtoke gatini mkatie nanga nje, kwa sababu gati inalipiwa. Hilo la mwisho lishtukieni zaidi. Ukiwa gatini unaweza kushuka ukamwona mtu. Ukiwa nangani unahitaji boti, na boti inalipiwa na yuleyule asiye na pesa.

Siku mshahara wa kwanza unapopita bila kulipwa, anza kuhesabu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao chomboni utasikia ukiitwa MLC tu, ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 18, 2017. Kwa marekebisho hayo, baharia ametelekezwa ikiwa mwenye chombo hakulipia safari ya kumrudisha kwao, au amemwacha bila mahitaji ya lazima, au amekata uhusiano naye, ikiwemo kutomlipa mshahara kwa miezi isiyopungua miwili. Moja kati ya hayo linatosha. Mnaweza kuwa na mchele wa kutosha na kiyoyozi kinafanya kazi, bado mkawa mmetelekezwa.

Marekebisho hayo yanamlazimu mwenye chombo awe na dhamana ya fedha, ambayo mara nyingi hutolewa na klabu ya bima ya pamoja ya wenye meli, iitwayo P&I. Dhamana inagharamia safari ya kurudi nyumbani, chakula, maji ya kunywa, nguo, matibabu, mafuta ya kuwawezesha kuishi chomboni, na malimbikizo ya mshahara yasiyozidi miezi minne. Hapo kwenye minne ndipo wageni wanapoumia. Mwezi wa pili mnaambiwa kuna mnunuzi wa kampuni. Wa tatu benki inakaribia kukubali. Wa sita mnaombwa uvumilivu. Kila mwezi unaopita baada ya ule wa nne hauna wa kuulipa isipokuwa chombo chenyewe, na chombo kina wadai wengi. Kwa hiyo barua ya madai iandikwe siku ileile miezi miwili inapotimia. Kumwonea tajiri huruma si vibaya, ila usimwonee kwa mshahara wa watoto wako.

Cheti cha dhamana hiyo kinatakiwa kibandikwe mahali ambapo kila baharia anakiona, na kiwe na jina la mtoa dhamana, namna ya kumpata na tarehe za uhalali. Kipige picha siku unayopanda, kabla hujafungua begi. Mtoa dhamana haruhusiwi kujitoa kabla tarehe haijaisha bila kuipa nchi ya bendera, yaani iliyosajili chombo, taarifa ya siku 30. Kwa hiyo mkiambiwa bima "imekatwa jana", msikubali haraka.

Sasa angalizo linalohusu matagi kuliko meli kubwa. Mkataba huu hauvihusu vyombo vinavyofanya kazi ndani ya maji yaliyokingwa au eneo la kanuni za bandari peke yake. Tagi ya bandarini isiyotoka nje ya lango inaweza kuwa haimo kabisa. Pia kuna nchi ambazo hazijauridhia, Marekani ikiwa mojawapo. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: bendera ni ya nchi gani, cheti cha dhamana kipo, na tagi inafanya kazi wapi. Pasipo cheti, kinga yako ni sheria ya kazi ya nchi husika na haki ya kudai chombo, ambayo tutaifikia.

Watu wa nchi kavu huuliza kwa nini msishuke tu mkaondoka. Chombo kisicho na watu kikikatika nanga kitagonga wengine, na tagi iliyofungiwa tishari, chombo cha mizigo cha kuvutwa, lenye mafuta ni hatari mara mbili. Mamlaka za bandari hudai watu wa kutosha wabaki. Mwanzoni mwa 2020 mabaharia wa matagi ya Bouchard Transportation, kampuni ya New York iliyoomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi Septemba mwaka huohuo, walikwama hivyo: mishahara haikuja, na vyombo havikuruhusiwa kuachwa bila watu. Ombeni kwa maandishi kitu kinachowezekana, yaani mamlaka iamuru chombo kiletwe gatini au kiwekewe walinzi wengine. Kuruka na kuondoka usiku kunampa mwajiri sababu ya kusema mlitoroka kazini.

Wakati mnasubiri, tagi lazima iishi, na tagi haina nafasi ya makosa kama meli ya mita 200. Pimeni matangi yote asubuhi na muandike kwenye batli, daftari la kumbukumbu za chombo: dizeli, maji matamu, tangi la maji machafu, ngama (maji yanayokusanyika chini kabisa ya chombo). Jenereta ya kilowati 80 ikibeba mzigo wa kilowati 30 hula kama lita 10 kwa saa. Ikiwaka mchana na usiku ni lita 240, na lita 6,000 zinakwisha siku 25. Iwasheni mara tatu kwa siku, saa mbili kila mara, na zilezile 6,000 zinafika siku 100. Lakini kila mnapowasha, wekeni mzigo wote pamoja: friza, chaja ya betri, pampu za maji na ngama, jiko. Injini ya dizeli ikizunguka bila mzigo wa maana, chini ya theluthi hivi, inajaza masizi na mafuta mabichi kwenye ekzosi, na siku mnayoihitaji inagoma. Kati ya mizunguko, betri za volti 24 zisishuke chini ya 24.2 zikiwa zimepumzika. Redio, AIS (kifaa kinachotangaza chombo kilipo) na taa za nanga ndizo za mwisho kuzimwa. Tishari nalo lina taa zake, msilisahau.

Maji: watu saba wakitumia lita 20 kila mmoja ni lita 140 kwa siku. Tangi la lita 10,000 lenye 9,000 zinazofaa linafika miezi miwili. Watu haohao wakioga watakavyo, lita 120 kila mmoja, siku ya kumi na moja mnakwangua matope ya chini. Fungieni mfereji wa bafu na mtumie ndoo tangu siku ya kwanza. Watakaonuna ni wale wale watakaowashukuru baadaye. Ngama ikijaa msiimwage baharini hata usiku. Faini ya uchafuzi itakifunga chombo zaidi na jina litakalotajwa ni la nahodha na la injinia.

Takwimu hizo ndizo silaha yenu. Barua kwa mtoa dhamana, mamlaka ya nchi ya bendera, wakaguzi wa bandari na ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, isizidi ukurasa mmoja. Iwe na jina la chombo, namba ya IMO ya kuitambulisha meli, au ya MMSI ya redio yake kama tagi ni ndogo na haina IMO, mahali kilipo, orodha ya majina na vyeo, miezi na kiasi anachodai kila mtu, kisha mstari huu: watu 7, chakula siku 6, maji lita 2,100, dizeli lita 900. Mstari huo unasomwa. Kurasa tatu za manung'uniko zinawekwa kando. Ambatanisheni mikataba ya ajira, stakabadhi za mishahara na kurasa za batli, na nakala moja itumwe kwa mtu wa nyumbani.

Kuhusu kusaini, kuwa mgumu. Usisaini kwamba umelipwa chote kwa sababu umepewa robo. Andika kiasi ulichopokea na kinachobaki. Usisaini barua ya kuacha kazi ili upewe tiketi. Na usikubali kamwe kuandikwa mlinzi wa kisheria wa chombo kilichokamatwa, hata kama karatasi iko kwa lugha usiyoisoma na afisa ana haraka. Ofisa mkuu wa meli ya MV Aman, iliyokamatwa Misri Julai 2017, aliwekewa jukumu hilo, na hakuondoka hadi Aprili 2021.

Ikifika mahakamani, mshahara wa baharia una nafasi ya mbele: dai linashikamana na chombo chenyewe, na kwa kawaida linatangulia mkopo wa benki. Tagi ikiuzwa kwa makubaliano ya kawaida, bila mahakama, dai linakwenda nayo. Ikiuzwa kwa mnada wa mahakama, dai linahamia kwenye pesa za mnada, na mnunuzi anaondoka na chombo safi. Ndiyo maana jina lako liwe mahakamani kabla ya mnada. Mkataba wa 1993 wa madai juu ya meli unatoa mwaka mmoja tangu ulipoachishwa chomboni. Kampuni ikipata ulinzi wa mufilisi, kukamata chombo husimamishwa na mahakama hupanga tarehe ya mwisho ya kusajili madai. Itafute tarehe hiyo mwenyewe.

Siku ya kushuka, omba mambo haya kabla boti haijafika: hesabu ya mshahara iliyosainiwa na nahodha na kupigwa mhuri, kitabu chako cha ubaharia kikiwa kimejazwa tarehe ya kushuka, pasipoti mkononi, na picha ya ukurasa wa mwisho wa batli wenye vipimo vya matangi siku hiyo.