Nani akikosekana siku 21, kazi inalala?

Ushirika wetu hapa Tukuyu unakusanya maziwa, na ng'ombe hajui karantini: kukipambazuka lazima akamuliwe. Ndiyo maana tulipokaa kupanga mambo ya dharura niliwaomba wajumbe waache kubishana ni ugonjwa gani utakuja. Tujiulize tu nani akikosekana siku 21, kazi inalala.

Hizo 21 sikuziokota. Ndizo siku anazofuatiliwa mtu aliyegusana na mgonjwa wa Ebola au Marburg, na Marburg ilishapiga Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Korona ilikuwa 14. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5. Aliyejipanga kwa 21 hizo nyingine atazimudu.

Mimi nilidhani watamtaja mwenyekiti. Wakamtaja mhasibu! Benki inataka saini mbili, na ya kwake haikuwa na mbadala. Akilazwa, mfugaji halipwi. Ongezeni watia saini mkiwa wazima. Benki itadai muhtasari wa kikao, picha na vitambulisho, na hakuna atakayepanda Mbeya mjini kupanga foleni wakati ofisi nzima inapimwa joto. Sisi tuna makundi mawili, kila moja na watu wawili: yeyote wa kundi A pamoja na yeyote wa kundi B.

Namba za siri ni ngumu zaidi. Kuzigawa ni kukaribisha wizi, kukaa nazo peke yako ni kuufunga ushirika. Zetu zimo kwenye bahasha iliyogongwa mhuri, ndani ya kasha la fedha, na ikifunguliwa zinabadilishwa siku hiyohiyo.

Wapokeaji wa maziwa tumewagawa zamu mbili zisizokutana, hata chai kila zamu inakunywa kivyake. Mmoja akiugua, kituo hakifungwi. Klorini, dizeli ya jenereta, hayo nunueni tu mapema. Lori la mnunuzi nalo lipigieni hesabu: udongo ukiporomoka njia ya Uyole, maziwa yataharibika hapahapa, kwa hiyo mtafuteni mnunuzi wa pili upande wa Kyela.

Kisha jaribuni. Tulimpa mhasibu likizo ya wiki, tukapatana kwamba atakayempigia simu ananunulia kamati nzima soda. Fedha zilikwenda vizuri. Umeme ulipokatika ndipo tukajua ufunguo wa chumba cha jenereta anao yeye, na katibu akanunua soda.