Acheni kujibanza nyuma ya Noah

Jumamosi nimepita Mbuyuni kununua ndizi za mtori, nikawaona wawili. Wamejibanza nyuma ya Noah iliyopaki, mmoja kashika kamera yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai, mwenzake anamwelekeza: "Yule mama mwenye kilemba, yule." Nilitaka kuwafuata. Nikaona nitawaaibisha mbele za watu, na kwa kosa hilo hasa mimi sina mdomo wa kumwaibisha mtu. Ndiyo maana naandika.

Haya ni kwenu mnaoanza kupiga picha mtaani, wa hapa Moshi na nyie wa Arusha, mnaonitumia meseji usiku wa manane: "Bro, ninunue bodi gani ya kamera?" Usinunue. Mimi natumia Canon 1100D, mashine ya mwaka 2011. Plastiki ya kushikia imeanza kupasuka, nimeigandisha kwa supaglu. Lenzi ni ile ile 18-55 iliyokuja nayo (ni milimita: namba ndogo inaona kwa upana, kubwa inavuta).

1. Megapikseli. Hii yangu ina 12. Kusafisha, yaani kuchapa, picha ya A4 kwa vitone 300 kwa inchi kunataka pikseli 3508 kwa 2480. Yangu inatoa 4272 kwa 2848. Chenji inabaki. Tumalize hapo.

2. Mwanga. Tuko nyuzi tatu tu na kidogo kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo. Toka alfajiri na mapema, saa tatu uwe unakunywa chai. Halafu turubai! Chini ya turubai la bluu kila mtu anaonekana mgonjwa, chini ya mwavuli mwekundu kila mtu anaonekana kakasirika. Mnakesha na priseti, zile rangi zilizopangwa tayari, kwenye kompyuta kurekebisha uso ambao ungemwomba mwenyewe tu asogee hatua moja, hadi ukingoni mwa kivuli. Utamwombaje na wewe uko nyuma ya Noah?

3. Umbali. Hapa nivumilieni.

Mwishoni mwa 2021 nilikuwa nashinda studio moja hapa mjini, kazi yangu kushika taa kwenye sendofu na kufagia. Bosi alikuwa na lenzi ya kuvuta mbali, 70-300. Nikaiazima kwa uongo kwamba nina kipaimara Kibosho, kumbe naenda mtaani. Niliamini kabisa picha zangu ni mbaya kwa sababu ya lenzi. Nikapanda ghorofa moja linalotazama barabara, nikatulia kwenye korido ya nje. Chini, pembezoni mwa lami, akina mama wamepanga nyanya, karoti, parachichi. Kwenye bodi kama yangu, yenye kihisi kidogo, 300 inavuta kama 480 ya kamera kubwa, nilikuwa naona mpaka nzi juu ya parachichi. Nikajiona chui juu ya mti.

Sasa kumbukeni ilikuwa miezi gani ile. Nchi nzima wamachinga wanahamishwa barabarani. Akina mama wale wanalala na wasiwasi, wanaamka na wasiwasi, halafu kule juu kuna kijana kawaelekezea bomba jeusi. Anapiga, anainama kwenye kioo kama anaandika, anapiga tena. Dereva wa boda akaninyooshea kidole. Mama mmoja akainua uso. Niliiona sura yake kwenye lenzi, karibu kabisa, na nakiri: nilifurahi. Nilisema moyoni, hii ndiyo yenyewe. Sikujua kwamba ninachokiona ni hofu, na anayeogopwa ni mimi.

Dakika haikuisha. Ncha nne za turubai, fundo, kichwani, mbio. Na mimi naendelea kupiga. Fremu mia na arobaini. Nilipoishusha kamera, pale pembeni pamebaki parachichi moja na kandambili ya mguu wa kushoto.

Kesho yake nikashuka kununua nyanya, kamera iko begini. Nikawakuta wanasimuliana. Jana mgambo wametuma mpiga picha, alikuwa pale juu. Mmoja kateguka mguu. Mwingine debe lake la nyanya limemwagika barabarani, Hiace ikapita juu yake. Wakanigeukia kama mtu anavyogeukiwa ili na yeye aseme neno, nami nikasema: "Poleni sana, mama zangu." Nikatoa mia tano yangu, nikachukua nyanya, nikaondoka.

Nimefanya makosa mengi. Nimewahi kupiga sendofu nusu nzima bila kadi ndani ya kamera (ingieni kwenye menyu, zimeni kile kipengele kinachoruhusu shata bila kadi, leo hii). Lakini ile "poleni" ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Ilinichukua wiki tatu kurudi. Nikamkuta yule wa debe. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikamweleza yote huku sauti inakwama. Alikuwa anapanga mafungu, hakuacha kupanga. Nilijiandaa kwa matusi, na kwa siri nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha. Akasema, "Debe lilikuwa elfu kumi na nane. Lete."

Nililipa kwa awamu mbili. Siku ya awamu ya pili nilikuwa na 18-55 tu, maana bosi alishapata habari za kipaimara hewa. Nikamwuliza kama naweza kupiga picha mikono yake. "Mikono ina nini?" Lakini hakuificha. Fungu la nyanya lilikuwa tatu chini na moja juu, kila moja ameipangusa kwa pindo la kanga, na ile yenye ufa ameigeuza ufa uangalie kwake. Kidole gumba kilikuwa bado kinaisukuma kidogo, ikae sawa. Lenzi hii inakubali kusogea hadi sentimita 25. Nikasogea. Nilipiga fremu moja. Zile mia na arobaini nilizifuta usiku uleule.

4. Fokasi. Weka lenzi 18, tundu lake f/8, lenga kitu kilicho mita mbili na ushee, yaani hatua tatu, kisha peleka swichi kwenye MF (fokasi ya mkono) na usiiguse tena. Kuanzia mita moja na kidogo mpaka kilele cha Kibo kila kitu kimetulia. Shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) ijipandie yenyewe.

5. Vumbi la kiangazi halifutwi kwa shati. Puliza kwanza.

6. Kituo cha polisi, kambi, benki: kamera begini, pita.

7. Salamu kwanza. Shikamoo kwa anayestahili shikamoo, si "mambo" kwa bibi wa watu. Akikataa, amekataa, nunua kitunguu uendelee. Kuna siku natembea kutoka Mnara wa Saa hadi Mbuyuni narudi na fremu tatu tu, embe la bure, na habari yote ya harusi ya mtoto wa fundi cherehani nisiyemjua jina, na siku hiyo naihesabu kuwa nzuri.

8. Ukiahidi picha, safisha upeleke. Inchi tano kwa saba inatosha. Usimwonyeshe kwenye kioo ukadhani umelipa.

Sasa hiyo Jumamosi, nilipofika kwenye meza ya yule mama wa debe (siku hizi ana meza), alikuwa ameshawaona kabla yangu.

"Mgambo," akaniita. Jina langu pale ni hilo. "Wale kule nyuma ya gari ni wa kwako?"

"Siwajui, mama."

"Waambie waje wanunue nyanya. Na wewe, picha yangu ya Pasaka iko wapi?"

"Iko studio, mama. Kesho."