Maswali na majibu: Utabibu wa watoto, dripu, kimeo na safari ya Marekani

Nimekuwa afisa tabibu kwa zaidi ya miaka ishirini, mingi nikiwa chumba cha watoto wa chini ya miaka mitano. Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kazi hiyo. Mengine nimeyafupisha.

Nimemaliza kidato cha nne, natamani kusomea utabibu ili nihudumie watoto. Mjomba anasema nitaishia kuwa nusu daktari, bora nisubiri udaktari wenyewe. Ni kweli? (Mhitimu, Kilosa)

Mjomba wako ana nia njema ila amekosea. Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane kijijini, anayeamshwa kufungua zahanati ni tabibu au muuguzi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, zahanati zilipoanza kujengwa kwa wingi vijijini, madaktari wa kuzijaza hawakuwepo. Waliozibeba ni waganga wasaidizi wa vijijini na matabibu, na watoto wa nchi hii walikua mikononi mwao. Kenya, Malawi na Zambia nao wana kada kama hii kwa sababu zilezile.

Tabibu anasikiliza, anapima, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anashona jeraha na kupasua jipu. Hiyo ni kazi kamili yenye mpaka wake. Mpaka huo uheshimu tangu siku ya kwanza, kwa maana tabibu anayeona aibu kuandika rufaa ni hatari kuliko aliyesahau dozi. Dozi ipo kwenye kitabu, ataifungua aisome.

Masomo ni miaka mitatu ya stashahada, ngazi ya 4 hadi ya 6 za vyuo vya kati. Unahitaji ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Nimepokea wazazi waliouza mashamba kulipia chuo ambacho hakikuwa na ruhusa ya kufundisha utabibu. Ukimaliza, andikishwa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hujagusa mgonjwa. Ukitaka kuendelea na shahada ya udaktari, njia ipo: wastani wa alama za stashahada (GPA) wa kuanzia 3.0, na vyuo vikuu vitarudi kukagua cheti chako cha kidato cha nne, kwa hiyo usidhani Hisabati na Kiingereza vimesahaulika.

Lakini ukiingia utabibu kama kituo cha kusubiria basi la udaktari, tafadhali usiingie. Watakaoumia ni watoto wa miaka hiyo mitatu minne utakayokuwa unasubiri.

Afisa tabibu analipwa kiasi gani? (Wasomaji kumi na mmoja, mikoa mbalimbali)

Soma tangazo la Sekretarieti ya Ajira mpaka mwisho, ngazi ya mshahara imeandikwa pale. Nimejibu hivi mara tatu mwaka huu.

Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa na homa siku mbili. Tabibu alimtoboa kidole, akasema hana malaria, akanipa paracetamol tu na kuniambia nirudi baada ya siku mbili. Nilimwomba amwekee dripu au hata sindano, akakataa. Je, hakunidharau? (Mama wa watoto wawili, Temeke)

Pole kwa kuuguza, mama. Umesema kwenye barua yako kwamba mtoto alikuwa anakunywa uji na kucheza na kamba ya mkoba wako pale kwenye benchi. Tabibu naye aliyaona hayo. Alimpima mtoto, akakwambia ukweli, akakupa siku ya kurudi. Hakukudharau, alikuheshimu kuliko yule ambaye angekuandikia sindano tano ili uondoke umefurahi.

Nikae kidogo kwenye dripu, maana imani hii inaua. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa kwetu Teule, Muheza. Walikuwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, yaani watoto mahututi hasa. Wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa, walikufa kati ya 10 na 11. Kwa wasiopewa walikufa 7. Sisi tuliokuwa kazini tulitikisika, kwa sababu wengi tulikuwa tumefundishwa kinyume. Maji yanayoingia mshipani ni dawa, yana kipimo chake na yana madhara yake. Moyo na mapafu ya mtoto ni madogo.

Sasa usije ukanisikia vibaya. Utafiti ule haukuhusu mtoto anayeharisha. Anayeharisha anahitaji maji, na aliyeishiwa sana, macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, huyo atawekewa dripu haraka kituoni. Kwa wengi wanaoharisha inatosha ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, kwa kijiko, kidogo kidogo, na zinki kwa siku kumi hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Zinki ndiyo dawa ambayo akina mama wengi huiacha njiani, nami nawasihi msiiache.

Na siku mbili zile usizingoje kama mtoto ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Ukiona mojawapo, ondoka saa hiyohiyo, hata usiku.

Bibi wa mtoto anataka tumpeleke akakatwe kimeo kwa sababu kikohozi hakiishi, sasa wiki ya tatu. Tufanyeje? (Baba, Handeni)

Msimpeleke. Kimeo hakileti kikohozi. Kukikata kunaleta damu isiyokoma, vidonda vya koo na maambukizi yanayoua, hasa kwa wembe uleule uliopita vinywani mwa wengine. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinatakiwa kuchunguzwa kifua kikuu, pumu na kifaduro, na hayo yanafanyika kituoni. Nendeni pamoja na bibi, aingie chumbani, asikie mwenyewe kwa masikio yake. Akiachwa nyumbani atampeleka kwa ngariba mkiwa kazini.

Shikamoo daktari. Naomba dozi ya Septrin na dawa ya kikohozi kwa mtoto, nitumie kwa WhatsApp. (Bila jina, bila umri wa mtoto, bila uzito)

Marahaba. Sitatuma. Dawa ya mtoto huandikwa kwa kilo zake baada ya kumwona kifua, na wewe hata umri hujanitajia. Nenda zahanati leo, na muuzaji wa duka la dawa akikupa antibayotiki bila cheti, usiinunue.

Mimi ni tabibu mwaka wa kwanza kazini. Kwa siku naona watoto hamsini hadi sitini, niko peke yangu. Mwongozo wa IMCI, ule wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano, unataka nihesabu pumzi dakika nzima. Kwa hali halisi, nani anaweza? (Tabibu kijana, Kanda ya Ziwa)

Swali hili nimelisoma mara nne, kwa sababu nimewahi kuwa wewe.

Mwaka wangu wa pili kazini aliingia mama na mtoto wa miezi minane, mgongoni, amefunikwa khanga mpaka kichwani. Foleni ilikuwa imefika mlango wa nje. Nilimtazama usoni, nikasikia mafua, nikaandika dawa ya mafua, nikaita anayefuata. Mama akaenda kukaa kwenye benchi la dirisha la dawa. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa anapita na trei ya chanjo, akaiweka trei chini, akamfunua mtoto kifua, akasimama akiangalia saa yake ya mkononi. Baadaye akaniletea kadi ileile bila kusema neno. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: 64. Kifua kilikuwa kinabonyea ndani kwa kila pumzi, na mimi sikukiona kwa sababu sikukifunua. Tulimpa dozi ya kwanza, tukampa rufaa, akapona. Kadi ile naiona mpaka leo.

Kwa hiyo tupige hesabu yako pamoja. Mwongozo haukutaki uhesabu pumzi za mwenye fangasi kichwani. Unataka kwa mwenye kikohozi au shida ya kupumua. Tuseme hao ni nusu, thelathini. Dakika thelathini kwa siku nzima. Muda huo unao, unaliwa na kuandika rejista mara mbili na kutafuta kalamu.

Namna ya kufanya: usihesabu mtoto akilia, wala usimvue nguo ghafla. Mwambie mama amnyonyeshe au ambembeleze kwenye benchi la nje, akitulia aingie. Nguo ipandishwe ili uone kifua na tumbo pamoja. Weka saa ya simu yako dakika moja na usiiangalie tena, angalia tumbo. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwani mtoto mchanga huvuta haraka haraka kisha akatua, na ule utulivu utakudanganya. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka. Miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Bandika namba hizi ukutani usawa wa macho yako.

Na mwombe muuguzi au mhudumu apite kwenye foleni kila mara kuwatoa mbele wenye dalili za hatari. Mtoto aliyelegea mgongoni hulala kimya kuliko wote, na foleni humheshimu mwenye kelele. Kuhusu kuwa peke yako kwa watoto sitini, hilo liandike. Mpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya takwimu za rejista yako kila mwezi, kwa barua yenye tarehe. Malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye bajeti.

Nilisomea kutibu, lakini mganga mfawidhi ananipanga huduma ya mkoba vijijini kila wiki. Naona kama adhabu. (Afisa tabibu, Singida)

Ndugu yangu, kama ni kweli anakuadhibu, ongea naye uso kwa uso. Lakini kazi yenyewe usiiite adhabu.

Anayekuja kituoni ni mtoto ambaye mama yake alipata nauli, ruhusa na nguvu ya kutembea. Wengine wako huko unakopelekwa. Mzani unaning'inia kwenye tawi la mwembe, mtoto amewekwa kwenye suruali ya kupimia analia, na wewe unazungusha utepe mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, umemkuta mwenye utapiamlo mkali ambaye nyumbani wanamwona mwembamba tu kama babu yake. Umemkuta wiki kadhaa kabla hajavimba miguu na kuletwa kituoni amechelewa. Tiba gani ya wodini inashinda hiyo?

Angalia na kadi. Chanjo ya surua na rubela ni miezi tisa, kisha kumi na minane, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto keshatembea na mama keshaacha kuhudhuria kliniki. Ukirudi na orodha ya majina kumi ya waliokosa, mpe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji hicho. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao 137,294 nchi nzima. Mpango huo nauunga mkono kwa moyo wote, ila ninaona matabibu wanawatuma kama vibarua wa kubeba maboksi ya dawa. Mhudumu yule anajua nyumba ambayo mtoto hajaonekana nje tangu Jumatatu. Mketishe, msikilize, mwandike jina kwenye ripoti yako.

Ni afisa tabibu, nimemfuata mume wangu Minneapolis. Huku kuna kazi inaitwa PA (physician assistant, yaani msaidizi wa daktari), naona ni utabibu wetu uleule, na wapo wa watoto. Naweza kufanya mtihani wao nikaanza kazi? (Dada wa ughaibuni)

Moja kwa moja, hapana. Mtihani wao, PANCE, unaruhusiwa kwa aliyehitimu programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, chombo chao cha kuidhinisha mafunzo ya PA, peke yake, hata uwe na miaka kumi kazini. Programu hizo ni za shahada ya uzamili, nyingi kama miaka miwili na nusu, na huanza na shahada ya kwanza yenye masomo ya sayansi. Stashahada yako ifanyiwe tathmini, ujue imebakiza nini. Miaka yako ya kuhudumia wagonjwa usiitupe, programu nyingi huidai kama sharti, kwa hiyo omba barua za uthibitisho kutoka kwa mwajiri wako wa zamani sasa hivi, kabla waliokufahamu hawajahama.

Umeona sawasawa kwamba kazi hizi ni ndugu. Kada yao ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dk. Eugene Stead alipowachukua waliokuwa watabibu wa jeshi la majini kwa sababu madaktari hawakutosha, na watatu wa kwanza walihitimu mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini, huko Colorado, Dk. Henry Silver alianzisha mafunzo ya kada hiyo kwa ajili ya watoto tu. Shida ya kwao ilifanana na ya Kilosa.

Wakala akikwambia ana njia ya mkato, mkatae.

Nikifika kwa tabibu na mtoto mgonjwa, nifanye nini ili ahudumiwe vizuri? (Mama mpya, Tanga)

Asante kwa swali hili, nimelisubiri muda mrefu. Njoo na kadi ya kliniki. Njoo na kopo au karatasi ya kila dawa uliyokwisha kumpa, hata ya mitishamba, hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza mwambie mimi ndiye niliyekuagiza. Kumbuka mara ya mwisho aliponyonya na alipokojoa. Na mkikaribia kuitwa, mtoe mgongoni, umpakate, ufungue vifungo vya shati lake.