Suala na Jibu: Ubuluu wa ayodini umerudi, kwani wanga umefufuka?

SUALA: Asalam alaykum. Juzi skuli tumefanya prektiko ya wanga, tukapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, bado wa moto tukatia mate na matone ya ayodini, ile dawa ya kupimia wanga, rangi haikutoka kabisa, tukajua mate yashaukula wanga. Ulipopoa tu ukawa buluu, karibu na weusi! Wanga ukishameng'enywa unaweza kurudi? – Mwanafunzi, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Wanga haukurudi maana haukuondoka, ulikuwemo humo humo kwenye uji tokea mwanzo. Ule ubuluu unatokana na amilosi, yaani ile sehemu ya wanga yenye minyororo mirefu ya glukosi iliyojiviringa kama springi, na ayodini inaingia ndani yake ikakaa. Uji ukiwa wa moto sana springi inalegea, ayodini inatoka na rangi inapotea, ukipoa inajiviringa tena na ubuluu unarudi. Hapo mate hayahusiki kabisa, hata mngetia maji matupu mngeona hivo hivo.

Na hiyo amilesi ya mate yenu, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga, mmeiunguza. Inapenda joto la mwili, nyuzi 37, kwenye uji uliotoka jikoni sasa hivi inaharibika na hata ukiupoza haiamki tena. Sio amilesi zote lakini, ile ya bakteria Bacillus licheniformis inastahamili hata nyuzi 90 ndo mana viwanda vya sharubati ya glukosi vinaitumia. Wafaransa Payen na Persoz walipotoa amilesi kwenye shayiri iliyochipua, mwaka 1833, wao pia waliona kuwa moto mkali unakiua.

Sasa mrudie hivi. Uji pikeni vizuri, wanga mbichi amilesi inauvunja kwa tabu, halafu muuache upoe mpaka ukishika chupa huhisi moto wala baridi, ndo mtie mate, na kila mtu atumie yake mwenyewe tafadhali. Ayodini msiitie ndani ya chupa, itaizuia amilesi kazi. Chukueni sahani nyeupe, pangeni matone ya ayodini, na kila dakika mdondoshe tone moja la uji kwenye tone jipya. Mtaona buluu, halafu zambarau, halafu wekundu wa kahawia, mwisho inabaki manjano ya ayodini yenyewe, na mimi hiyo zambarau ndo naipenda kuliko zote kwa sababu hapo unaiona minyororo inakatika vipande vipande mbele ya macho yako.

Msiandike kuwa wanga wote umekuwa glukosi. Amilesi ya mate inatoa maltosi zaidi, yaani sukari ya glukosi mbili zilizoungana, na kwenye matawi ya amilopektini, ile sehemu ya wanga yenye minyororo ya matawi, inakwama, pale panataka kimeng'enya chengine kama pululanesi. Na wekeni chupa ya pili yenye uji na mate yaliyochemshwa kwanza yakapozwa, matone yake kwenye ayodini lazima yawe buluu mpaka mwisho, yasipokuwa basi prektiko yote irudiwe.