Kwa wanaoanza kufuatilia nasaba za Québec: anzeni na ndoa
Anayeanza kutafuta wahenga wa familia ya Wakanada wenye asili ya Kifaransa kwa kawaida hulishika jina la ukoo na kulifuata kizazi baada ya kizazi, na hapo ndipo kazi nyingi hupotea. Ushauri wangu, baada ya miaka ya kusoma rejista za parokia za Québec, jimbo la Kanada, ni kwamba ufuate ndoa. Padri alipoandika ndoa ya kwanza ya mtu, kwa kawaida alitaja wazazi wa pande zote mbili, na mama aliandikwa kwa jina la ukoo alikozaliwa, hivyo ndoa moja hukupa jozi mbili za wazazi, na kila jozi ina ndoa yake ya kutafutwa. Mjane alipoolewa tena, mara nyingi alitajwa marehemu mumewe tu bila wazazi. Rudi basi kwenye ndoa yake ya kwanza. Harusi nyingi zilifungwa katika parokia ya bibi harusi, kwa hiyo anza kutafuta huko.

Rejista hizo zinaanzia 1621, ingawa zile za mji wa Québec ziliungua pamoja na kanisa mwaka 1640 na ikabidi ziandikwe upya kwa kumbukumbu za watu. Baadaye sheria ilidai nakala mbili, moja ya parokia na nyingine ya mahakama, na ndiyo sababu mengi yamesalimika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, ambao mradi wao ulianza 1966, wameunganisha kumbukumbu za Wakatoliki za miaka 1621 hadi 1849 familia kwa familia. Tumia kazi yao, lakini usiache kusoma picha ya ukurasa wenyewe.

Jambo linalowasumbua wageni kuliko yote ni jina la pili linalotanguliwa na neno «dit», yaani «aitwaye». Mengi ya majina hayo yalitoka jeshini, kwa kuwa askari wa Ufaransa, wakiwemo wale wa kikosi cha Carignan-Salières waliofika 1665, walipewa majina kama Lafleur, Sansoucy na Jolicoeur. Mengine yalitokana na mahali au shamba. Wazao wa Pierre Hudon dit Beaulieu wa Rivière-Ouelle leo ni akina Hudon na akina Beaulieu, na wazao wa Miville dit Deschênes nao wamegawanyika vivyo hivyo. Ndugu wa baba mmoja waliweza kubatizwa kwa majina mawili tofauti, na mtu mmoja akaoa kwa jina hili akazikwa kwa lile. Kwa hiyo andika majina yote mawili tangu mwanzo, na usitangaze kwamba watu wawili hawahusiani mpaka uwe umelinganisha wazazi wao.

Majina ya ubatizo nayo yana desturi yake: wavulana wengi walitanguliziwa Joseph na wasichana Marie, ilhali jina la kuitwa nyumbani mara nyingi lilikuwa la mwisho. Tena mtoto akifariki, mdogo wake aliweza kupewa jina lilelile, kwa hiyo tafuta maziko kabla ya kuamua ubatizo upi ni wa mhenga wako.

Katika rejista ya ndoa, usiruke maneno yanayohusu ruhusa maalumu ya Kanisa kwa watu wenye udugu kuoana. Ruhusa ya udugu wa daraja la tatu ina maana kwamba babu au bibi wa bwana harusi alikuwa ndugu wa damu wa babu au bibi wa bibi harusi, na dokezo hilo limenitatulia mafundo ambayo rejista ya ubatizo haikuweza. Hati za manotari, yaani maofisa wa sheria walioandika mikataba, hasa mikataba ya ndoa na orodha za mali za marehemu, hufanya kazi hiyohiyo pale ukurasa wa parokia unapokosekana.

Kwa familia zilizohamia viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuanzia karne ya 19, tarajia kwamba Boisvert amekuwa Greenwood na Roy amekuwa King. Kusanya kwanza majina ya ubatizo ya mume, mke na watoto wote kwa mpangilio wa umri, kisha tafuta kundi hilo katika parokia za Québec, kwa maana jina la ukoo liliweza kutafsiriwa mpakani, lakini si rahisi watoto sita kubadilika wote kwa pamoja.