Maswali na Majibu: Ukituma Hadithi, Umekopa Wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu mashindano ya hadithi fupi ambayo washiriki wenyewe husomana na kupeana maoni. Yale yanayouliza namna ya kuandika hadithi ya kushinda nimeyaweka kando. Nimechagua ya waratibu, na ya washiriki walioumia.

Tuko washiriki 20, kila hadithi ina maneno 2,000. Tumekubaliana kila mtu asome zote na kuzitolea maoni, lakini baadhi wanalalamika kuwa kazi ni kubwa mno. Tuwalazimishe?

Msiwalazimishe, wanasema kweli. Hadithi 19 za maneno 2,000 ni maneno 38,000. Kwa anayesoma maneno 200 kwa dakika, hizo ni saa tatu na dakika kumi za kusoma peke yake. Ongeza dakika 20 za kuandika maoni kwa kila hadithi, unapata saa nyingine sita na ushee. Mtu mwenye kazi na familia atasoma chache za mwanzo kwa makini, nyingine atazipitishia macho, na zilizobaki ataziandikia sifa mbili za jumla ili amalize. Atakayeumia ni yule ambaye hadithi yake ilipangwa ya 17 kwenye orodha.

Mpeni kila mtu hadithi tano. Pigeni kura ya kupanga washiriki kama waliokaa duara, kisha kila mmoja asome tano zinazomfuata. Wa kwanza anasoma ya 2 hadi ya 6, wa pili ya 3 hadi ya 7, mpaka wa 20 anayesoma ya 1 hadi ya 5. Kila hadithi inapata wasomaji watano kamili, na mkiwa 11 au zaidi hakuna wawili wanaosomana wao kwa wao. Msilipuuze hilo la mwisho. Mtu akijua kwamba anayemsoma ndiye anayesomwa naye, maoni hugeuka kuwa biashara ya kupeana sifa.

Halafu wekeni sharti moja lisilo na mjadala: asiyewasilisha maoni yake yote matano kwa wakati, hadithi yake inatoka kwenye shindano, hata kama ndiyo bora kuliko zote. Najua linauma. Lakini nimeona mashindano mengi yakifa, na karibu yote yalikufa kwa ugonjwa huu mmoja: watu wanataka kusomwa na hawataki kusoma. Ukituma hadithi umekopa saa za watu watano. Lipa.

Mshiriki akichelewa kutuma kwa saa moja tu, na ana sababu ya msingi?

Asubiri shindano lijalo. Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara sababu huwa ni ya msingi.

Kila msomaji alitoa alama kati ya 1 na 10, tukatafuta wastani. Wa kwanza alipata 8.6, wa pili 8.4. Sasa watu wamenuna, wanasema matokeo yamepikwa. Tuwajibu nini?

Ikiwa kila hadithi ilisomwa na watu watano, tofauti ya 0.2 ni alama moja tu ya mtu mmoja. Hapo hakuna aliyepika kitu, lakini hakuna aliyepima kitu pia. Kuna msomaji ambaye kwake 6 ni sifa kubwa, na kuna ambaye 8 yake ni ya kumwonea mtu huruma. Hadithi iliyoangukia mikononi mwa mabahili wawili imeshapoteza kabla haijasomwa.

Acheni alama. Kila msomaji apange hadithi zake tano kwa ubora: ya kwanza ipate pointi 5, ya pili 4, mpaka ya mwisho ipate 1. Jumlisheni. Njia hii inaitwa kwa jina la Jean-Charles de Borda, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 18, na uzuri wake ni kwamba bahili na mkarimu wote wanalazimika kugawa pointi zilezile 15.

Ina udhaifu wake. Hadithi nzuri ikikutana na nne zilizo kali zaidi itashuka bila haki. Kwa hiyo msimtangaze mshindi hapo. Chukueni tano au sita za juu, muwape majaji wawili watatu ambao hawana hadithi shindanoni, wasome zote. Udhaifu wa pili ni hila: mshindani anaweza kuizika kwa makusudi hadithi anayoiogopa. Anayeiweka hadithi nafasi ya mwisho aandike kwa nini, akitaja mahali hasa ndani ya hadithi, na mratibu azisome sababu hizo moja baada ya nyingine. Asiyeweza kutaja mahali, hesabu yake ifutwe.

Nilipata maoni matano. Manne yanasema "hadithi nzuri, hongera, endelea hivyo hivyo." La tano limeishambulia hadithi yangu tangu aya ya tatu hadi mwisho. Nahisi mtu huyo ana wivu. Nilalamike kwa mratibu?

Umeniambatanishia maoni yote matano, na nimeyasoma. Huyo wa tano ndiye pekee ninayeamini aliifikisha hadithi yako mwisho. Ameandika hivi: "Aya ya tatu mama anasema hatamsamehe mwanawe mpaka kaburini. Kurasa mbili mbele anamsamehe kwa sababu amemletea maji ya kunywa. Sikuona kilichobadilika ndani yake, nikaacha kumwamini." Hapo hakuna wivu hata chembe. Amekutajia mahali, amekueleza kilichompata yeye kama msomaji, na hakukwambia ufanye nini. Maoni bora kuliko hayo utayapata kwa nadra sana.

Wale wanne hawakukupa chochote. "Hadithi nzuri" inaweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote ile, hata ambayo haijafunguliwa. Ningekuwa mratibu wenu ningeyarudisha maoni yote manne na kuyahesabu kuwa hayajawasilishwa. Na kwa waratibu wanaonisoma: kudai idadi ya maneno peke yake hakusaidii, watu watajaza. Dai mambo matatu. Ni wapi hasa msomaji alivutwa, ni wapi alichoka au alipotea, na ni jambo gani hakuliamini. Kila moja na mahali pake.

Kuna upande wa pili. Wapo wanaodhani ukali ni ushahidi wa akili. Msomaji anayeandika "huyu hajui kuandika, aache" amemhukumu mwandishi wakati kilicho mezani ni hadithi. Naye arudishiwe maoni yake ayaandike upya. Nimewahi kumwona mtu mwenye kipaji akiacha kuandika kabisa kwa sentensi moja ya aina hiyo, na aliyeiandika naamini aliisahau siku ileile.

Mwandishi ana haki ya kujibu maoni?

Wasomaji wote wakishamaliza. Katika warsha ya waandishi ya Milford nchini Marekani, iliyoanzishwa na mwandishi Damon Knight na wenzake mwaka 1956, kila msomaji alizungumza kwa zamu na mwandishi alikaa kimya mpaka wa mwisho amalize. Warsha nyingi zimeufuata utaratibu huo, na nawashauri nanyi muufuate. Mwandishi anayeieleza hadithi yake katikati ya maoni anawafundisha wasomaji kuona kisichoandikwa. Zamu yake ikifika ashukuru, na akipenda aulize swali moja au mawili. Kujitetea hakutamsaidia, maana hatakuwepo kumfafanulia kila atakayeisoma.

Tunaficha majina, lakini watu wanatambuana tu. Kuna haja ya kuendelea kuficha?

Ipo. Wengi hutambuana kwa uzembe: jina limo kwenye kichwa cha kila ukurasa, kwenye jina la faili, au kwenye taarifa za faili ambako programu ya kuandikia huhifadhi jina la mwenye kompyuta. Mratibu azinakili hadithi zote kwenye faili mpya zenye mwandiko mmoja na azipe namba. Atakayemtambua mwenzake kwa mtindo wake aseme, abadilishiwe hadithi. Na mwandishi atakayetangaza kwa marafiki kuwa hadithi namba fulani ni yake, aondolewe.

Kuna programu ya kuaminika ya kugundua hadithi iliyoandikwa na akili mnemba?

Msizitegemee. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilidaiwa kuwa za mashine. Kumwita mwandishi mwaminifu mwongo ni dhambi kubwa kuliko kumwachia mdanganyifu mmoja apite. Walioingia duru ya mwisho waombwe rasimu zao za awali, na waulizwe kwa nini walibadilisha hiki na kile. Aliyeihangaikia hadithi yake atawajibu mpaka mchoke.

Mimi nina hofu zaidi na maoni yaliyoandikwa na mashine, na yameshaanza kuenea. Huja marefu, yamepangwa vizuri, yanasifu kila kitu na hayataji mahali. Yule mwandishi anangoja kujua kama kuna binadamu aliyeguswa na alichoandika. Anayemtumia maoni ya mashine amemnyima kitu pekee alichokuja kukitafuta, na kwangu afutwe kama asiyewasilisha.

Naogopa wenzangu wataniibia wazo.

Wazo halilindwi, na halikuwa lako peke yako. Yanayolindwa ni maneno uliyoyapanga. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa baadaye, hakimiliki huzaliwa na kazi yenyewe bila kusajiliwa, na hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki.

Ogopa haya mawili badala yake. La kwanza, shindano ambalo masharti yake yanasema kila hadithi iliyotumwa, hata isiyoshinda, inakuwa mali ya waandaaji. Usitume. La pili, waratibu wanaozianika hadithi zote hadharani wakati wa kusomana. Majarida na tuzo nyingi hukataa hadithi iliyokwisha kuchapishwa, na kuiweka hadharani mara nyingi huhesabiwa kuchapisha. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, inayopokea pia hadithi za Kiswahili, inataka zile ambazo hazijachapishwa. Kusomana kufanyike faragha, na mshindi achapishwe kwa ridhaa yake ya maandishi.

Tutoze ada ya kushiriki?

Kama hamna haja nayo, hapana. Mkitoza, tangazeni mapema kila shilingi inakwenda wapi.

Hatuna fedha za zawadi. Tuwape nini washindi?

Mpeni mshindi nakala ya hadithi yake iliyohaririwa vizuri na maoni ya majaji yenye urefu wa ukurasa mzima. Halafu anzisheni tuzo ya pili, ya msomaji bora, na muitangaze kwa uzito uleule. Kabla matokeo hayajatoka, kila mwandishi ataje maoni yaliyomfanya abadilishe kitu katika hadithi yake, na aonyeshe alichobadilisha. Msomaji atakayetajwa na wengi ndiye mshindi. Majina ya wasomaji nayo yafichwe mpaka hesabu ikamilike.